Kitambi hakiondoki kwa joging ya Jumamosi

Jumamosi alfajiri, kabla daladala hazijachangamka, barabara nyingi za Dar es Salaam huwa mali ya watu wa joging. Wanapita kwa vikundi, fulana za rangi moja, mmoja anaanzisha wimbo wengine wanaitikia, na nyuma yao bodaboda iliyobeba katoni za maji na spika. Mimi pia huwa humo, mara nyingi mkiani. Tunazunguka kilomita tano, tunanyoosha viungo, tunapiga picha, kisha tunaketi. Hapo ndipo supu inapokuja. Supu ya ng'ombe, chapati mbili, ndimu, pilipili, na kwa walio wengi soda baridi ya kushushia, maana "kalori leo tumezichoma". Nimeila supu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na sina ugomvi na yeyote aliyeketi pale. Ugomvi wangu ni na ile hesabu tunayoiamini tukiwa tumeketi.

Joging imepanda cheo siku hizi, imekuwa sera. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Zanzibar wana siku yao kila Januari 1, viongozi wakiwa mstari wa mbele. Mbio za hisani nazo zimeota kama uyoga: benki ina zake, mkoa una zake, hospitali ina zake. Kwenye jukwaa la kugawa medali hotuba huwa ni ile ile, kwamba tumebweteka, tunanenepa, tunajiletea kisukari na presha kwa mikono yetu, basi tuinuke tukimbie. Kwa maoni yangu hotuba hiyo imeushika ugonjwa upande usio wake. Mazoezi yana faida kubwa na nitazieleza, ila kilichotunenepesha kimo kwenye sufuria, hakimo miguuni. Na kadiri tunavyowahimiza watu wakimbie, ndivyo wale wenye sauti juu ya sufuria, yaani Hazina, viwanda vya vinywaji na waagizaji wa mafuta, wanavyopata nafasi ya kusimama kando ya barabara na kutupigia makofi. Wengine wanatugawia na fulana.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Kipimo cha kawaida ni uzito kwa kilo ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Ukifika 25 uzito umezidi, ukifika 30 ni unene wa kiwango cha ugonjwa, ule ambao wataalamu wetu wa lishe wanauita kiribatumbo, neno zuri ambalo kwa bahati mbaya halijafika mtaani. Duniani mwaka 2022 watu wenye unene wa kiwango hicho, watoto kwa wakubwa, walishapita bilioni moja. Kwetu, tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto zimekuwa zikiwapima wanawake wa umri wa kuzaa. Mwaka 2004–05 waliokuwa na uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 18, mwaka 2010 wakawa 22, mwaka 2015–16 wakafika 28, na utafiti wa 2022 ukawakuta wamevuka theluthi moja. Huo utafiti wa 2022 ulikuta pia watoto watatu katika kila kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hizo si nchi mbili. Mara nyingi ni nyumba moja, mama ana kilo zilizozidi na mtoto ana sentimita zilizopungua, na wote wawili wamekula kutoka chungu kimoja. Ukiliweka hilo akilini utaona jinsi neno "shibe" linavyopotosha.

Madhara yake tayari yamo wodini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani asilimia 9 ya watu wazima wana kisukari na asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawakujua. Mafuta ya mwilini hayafanani tabia. Yale ya nyonga na mapaja kwa sehemu kubwa hukaa kimya, lakini ya tumboni, yanayojibanza kuzunguka ini na matumbo, yanafanya kazi mchana na usiku kumwaga asidi za mafuta na kemikali za uvimbe kwenye damu. Ini likishajaa mafuta linaacha kuisikiliza insulini na linaendelea kuachia sukari hata isipohitajika. Kongosho linajibu kwa kuongeza insulini, linabeba mzigo huo miaka kumi, kumi na mitano, mpaka linachoka. Siku mtu anayoambiwa "una sukari" ni mwisho wa hadithi ndefu. Njiani presha imepanda, mishipa midogo ya figo na ya macho imechakaa, na baadaye ndipo kinakuja kiharusi, au safari za kusafisha damu, yaani dialisisi, mara tatu kwa wiki. Hata saratani zimo: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilihesabu aina 13 zinazohusishwa na unene, ikiwemo ya mji wa mimba na ya matiti kwa waliokoma hedhi. Ukitaka kujua umesimama wapi huhitaji mzani. Chukua kamba, pima urefu wako kutoka utosini hadi kisiginoni, ikunje katikati, kisha ijaribu kiunoni juu ya kitovu. Ikigoma kufika, habari unayo.

Sasa turudi kwenye shutuma ya uvivu. Mwaka 2018 jarida moja la kitabibu lilichapisha ulinganisho wa nchi 168 kuhusu watu wasiofikia kiwango cha chini cha kushughulisha mwili. Kuwait walikuwa watu wawili kati ya watatu. Marekani na Uingereza walikuwa zaidi ya mmoja kati ya watatu. Iliyokuwa na wavivu wachache kuliko zote ni Uganda, asilimia 5.5, na hatua chache nyuma yake ni Tanzania, asilimia 6.5. Isome tena namba hiyo. Sisi tunaofokewa kila Jumamosi tumo miongoni mwa watu wanaotoka jasho zaidi duniani, na mstari wa unene unapanda vilevile. Najua takwimu hizo zinatokana na watu kujieleza wenyewe, na kwamba kijiji cha mlimani kinaweza kuficha ofisi ya Posta. Haya, tuwatazame wanawake. Uchunguzi ule wa 2012 ulikuta unene wa kiwango cha ugonjwa umewaelemea wanawake mara kadhaa kuliko wanaume. Kama uvivu ndio chanzo, basi tuamini kwamba katika nchi hii wanaochota maji, wanaopalilia, wanaoamka saa tisa usiku kukanda unga wa maandazi, ndio wavivu, na wanaocheza bao kivulini ndio wachapakazi. Sijaona aliye tayari kulisema hilo mbele ya mama ntilie.

Ushahidi mzito zaidi umetoka huku huku kwetu, kando ya Ziwa Eyasi. Mtafiti wa Kimarekani Herman Pontzer na wenzake walikwenda kwa Wahadzabe, ambao wengi wao wangali wanawinda, wanachimba mizizi na kurina asali. Waliwanywesha maji yenye atomu zilizowekewa alama, kisha wakapima mkojo kwa siku kadhaa ili kujua kila mwili unatumia nishati kiasi gani kwa siku. Mwanamke wa Kihadzabe alikuwa akitembea wastani wa kilomita karibu 6 kwa siku, mwanamume zaidi ya 11. Kila mtu, watafiti wenyewe wakiwemo, alitegemea wakute wanaunguza nishati nyingi kupita karani wa Marekani anayeketi kutwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, tofauti haikuwepo. Inaelekea mwili una bajeti. Ukitumia sana kwenye miguu, unabana matumizi mahali pengine, na jumla inabaki karibu pale pale. Mwaka 2025 timu hiyo ilirudi na vipimo vya watu wazima zaidi ya 4,200 kutoka jamii 34 za mabara sita, kuanzia wafugaji na wakulima hadi watu wa viyoyozi, na ikakuta kwamba kupungua kwa nishati inayotumika kunaeleza sehemu ndogo tu ya unene unaokuja na maendeleo. Sehemu kubwa iko upande wa kula. Inachekesha kidogo kwamba somo hili dunia imefundishwa na watu wa Mkoa wa Arusha na jirani zao, na sisi ndio hatujalisikia.

Hesabu ya kawaida inafika hapo hapo. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita moja anaunguza kalori zipatazo 80. Kilomita tano ni 400, na hiyo ni kama kweli alikimbia, si kama mimi ninayetembea mlima wote. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori karibu 120. Vijiko vitatu na kitu, joging yote imefutika. Simama mbele ya kibanda cha chipsi jioni moja uangalie. Viazi vimeshakaangwa mara ya kwanza mchana, vimelala kwenye kabati la kioo chini ya taa. Kijana anaweka kikaango, anamimina mafuta kwa kopo bila kupima, anarudishia viazi, anapasua mayai mawili, anageuza zege, yaani chipsi mayai, kwenye sahani, anaweka tena mafuta pembeni ili isigande. Mteja anaongeza tomato na kachumbari kiduchu cha kumtuliza nafsi, kisha soda. Soda ya mililita 350 ina sukari yapata vijiko vidogo tisa. Mlo huo unashiba, unapatikana saa sita usiku, hauhitaji mkaa wala jiko, na kwa mpangaji wa chumba kimoja aliyetoka kazini saa tatu ndio mlo wenye akili kuliko yote. Hapo hajashindwa na tamaa. Amepiga hesabu ya bei na muda, na hesabu yake ni sahihi.

Watetezi wa mazoezi wana hoja nzito na lazima isikilizwe. Mazoezi hushusha presha, hufanya misuli ipokee sukari hata uzito usipopungua, huimarisha moyo, hupunguza msongo, na humsaidia aliyekwisha kupungua asirudi alikotoka. Wahadzabe wenyewe, pamoja na bajeti yao ya nishati isiyo na maajabu, wana mioyo ya kuonewa wivu. Marekani, mradi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulichukua watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, ukawapa mpango wa kula kwa kiasi na mwendo wa dakika 150 kwa wiki ili wapunguze asilimia 7 ya uzito, na waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wasiopewa. Kwa hiyo anayeniuliza kama aache joging, jibu ni asiache. Lakini kuulinda moyo wa mtu mmoja ni kazi moja, na kuuzuia mstari wa nchi usipande ni nyingine. Hii ya pili joging haijaiweza popote ninapopajua, na mfano ulio karibu nasi ni Mauritius. Mwaka 1987 kisiwa hicho kilianza mpango mkubwa dhidi ya magonjwa haya haya. Miaka mitano baadaye walipima tena: uvutaji sigara ulipungua, presha ilishuka, wanaofanya mazoezi wakati wa mapumziko waliongezeka, na kolesteroli iliporomoka. Unene ukaongezeka, na kisukari kikabaki karibu pale pale. Kilichoangusha kolesteroli kwa kiasi kikubwa ni uamuzi wa serikali kubadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu kutoka ya mawese kwenda ya soya. Hakuna mwananchi aliyeombwa kuwa jasiri. Alikwenda dukani kama siku zote, akanunua chupa ile ile, ndani mkiwa na kitu kingine.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ninayoisikia hata kwa watu niwaheshimuo, kwamba kila mtu ana mdomo wake na hakuna aliyelazimishwa kula. Inaonekana ya kiume, ya kuwajibika. Ila inadai tuamini jambo la ajabu: kwamba kati ya 2004 na 2022 mamilioni ya wanawake wa Tanzania, wa Moshi na wa Mbagala, waliopanga na wenye nyumba, walipoteza utashi wote kwa pamoja na kwa mwendo ule ule, na kwamba jambo hilo liliwapata pia Wamexico, Wamisri na Wasamoa. Utashi wa binadamu haubadiliki kwa kasi hiyo. Bei ya mafuta na usambazaji wa soda hubadilika. Halafu utashi wenyewe hauanzii mahali pamoja. Daktari wa Kiingereza David Barker alionyesha kuanzia miaka ya 1980 kwamba waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo na kisukari ukubwani, kana kwamba mwili uliojiandaa kwa njaa tumboni hushindwa kuipokea shibe baadaye. Katika nchi yenye udumavu wa asilimia 30, maana yake tuna kizazi kizima ambacho kalori ile ile itakiumiza zaidi. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajikaze ni sawa na kumlaumu aliyepewa gari lisilo na breki kwa kuishi mlimani.

Kuna na jambo la macho yetu wenyewe. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka kukonda kulimaanisha nini. Mtu akipungua, minong'ono ya UKIMWI ilianza. Uganda ugonjwa wenyewe uliitwa "slim". Mwili mnene ulikuwa cheti cha afya unachotembea nacho, na mke aliyenawiri alikuwa ushahidi kwamba mume anamtunza. Hadi leo mtu akirudi kutoka masomoni akiwa na kilo nane za ziada anaambiwa maisha yamemkubali, na akizipunguza shangazi anamvuta pembeni kumuuliza kama kuna neno. Simlaumu shangazi. Alizika watu. Lakini anayetunga ujumbe wa afya bila kumkumbuka shangazi huyo anaandika mabango ya kusomwa na waliokwisha kusadiki.

"Ni ugonjwa wa wenye nacho, tuwaachie wenyewe," wanasema wengine. Ni kweli kwamba kwetu bado unene ni mwingi zaidi mijini, karibu mara mbili ya vijijini, na kwa walio na uwezo. Huko Ulaya na Marekani ulianza hivyo hivyo, kisha ukashuka ngazi mpaka leo umewang'ang'ania zaidi maskini, maana chakula cha kukaanga ni rahisi na mboga ni ghali. Tofauti ni kwamba tajiri mgonjwa ana bima, anapimwa mapema, na sasa ana sindano ya kupunguza uzito. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza semaglutide na ndugu zake kwenye orodha ya dawa muhimu kwa wagonjwa wa kisukari wenye unene na magonjwa ya moyo au figo, na hataza yake, yaani haki ya pekee ya kuitengeneza, inakwisha mwaka 2026 katika nchi kama India na China, kwa hiyo bei itashuka. Ni dawa za kweli, sizibezi. Ila muuza vitumbua hatachoma sindano kila wiki maisha yake yote kwa fedha yake, na akiacha uzito unarudi. Kabla ya kumsubirisha dawa, ingekuwa busara kumwambia pia kwamba kisukari cha ukubwani kikikutwa mapema kinaweza kurudi nyuma kwa chakula tu: Uingereza, katika jaribio lililotangazwa mwaka 2017, karibu nusu ya wagonjwa waliosimamiwa kula kidogo sana kwa miezi kadhaa na kupunguza uzito walikutwa sukari yao imeshuka chini ya kiwango cha ugonjwa baada ya mwaka mmoja, bila dawa. Mtaani kwetu bado tunaamini ukishaambiwa ndiyo basi, ni mpaka kaburini.

Basi sufuria ishikwe na nani? Mahali pa kuanzia ni soda, kwa sababu haina lishe ya kuitetea. Afrika Kusini ilianza Aprili 2018 kutoza kodi inayofuata gramu za sukari zilizozidi nne katika kila mililita 100. Sukari iliyonunuliwa kupitia vinywaji vinavyotozwa ikashuka kutoka gramu 16 hivi kwa mtu kwa siku hadi karibu 11. Uingereza walitangaza yao mwaka 2016 ianze 2018, na viwanda vingi vilipunguza sukari kwenye chupa hata kabla ya siku ya kwanza ya kodi. Hilo ndilo lengo: kodi nzuri ya sukari ni ile ambayo kiwanda kinaikimbia. Sisi tunatoza ushuru wa bidhaa kwenye vinywaji baridi, na si leo wala jana, ila tunatoza kwa lita. Lita ya soda yenye gramu mia moja na zaidi za sukari na lita ya soda isiyo na sukari, mbele ya mtoza ushuru ni lita. Maji ya chupa nayo kwa miaka mingi yamekuwa kwenye jedwali hilo hilo. Ndiyo maana pale tunapoketi baada ya joging, maji na soda vinapishana shilingi mia au vinalingana kabisa, na mwenye kiu aliyetoka kutoa jasho anachukua kitamu. Wapinzani wanasema kodi humuumiza maskini. Humuumiza, kama fedha inapotelea serikalini na kama maji hayakushuka bei. Lakini dialisisi humuumiza zaidi, na hiyo hakuna anayeipigia kura. Niwe mkweli pia kwamba hakuna nchi iliyokwisha kuonyesha kodi ya soda peke yake ikiupunguza unene wa watu wazima. Tulichoona ni sukari kupungua.

Mafuta ni kazi ngumu zaidi, na hapa wachambuzi wengi huinama. Zaidi ya nusu ya mafuta tunayokula yanaagizwa, mengi ni ya mawese, na ukipandisha bei yake umempiga mama anayenunua ya kupima kwenye kifuko cha nailoni. Siungi mkono kodi ya mafuta. Ninaunga mkono kanuni. Tangu 2011 serikali inaviagiza viwanda vitie vitamini A kwenye mafuta, madini ya chuma na foliki kwenye unga, na hakuna aliyelalamika kwamba dola imeingia jikoni kwake. Mkono ukishakuwa ndani ya sufuria kwa ajili ya upungufu, hauwi mgeni ukibaki kwa ajili ya ziada. Unaweza kuandika ni mafuta ya aina gani yanayopewa nafuu ya forodha. Unaweza kuamua kwamba shule inayopika uji na makande inapika kwa dona na haiuzi soda ndani ya uzio. Sembe nyeupe tumeizoea mpaka tunamwona anayekula dona ni mgonjwa au mfungwa, na heshima hiyo ya weupe ilijengwa, kwa hiyo inajengeka upya. Hata kijana wa chipsi anaweza kuangaliwa kwa jicho jingine. Mgambo wanapomfuata ni kwa ajili ya eneo na usafi. Siku afisa afya atakapomfuata kumwonyesha jinsi ya kuchuja mafuta kwenye wavu na kuongeza kabichi kwa bei ile ile, tutakuwa tumeanza.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na hapo hesabu inabadilika sura. Zamani mgonjwa wa figo alikuwa msiba wa ukoo: shamba liliuzwa, michango ikapitishwa, kisha kimya. Sasa anakuwa bili ya mfuko wa pamoja, mara tatu kwa wiki, hadi kufa. Mfuko huo utalipwa na wanaojaza fomu leo, wengi wao vijana wenye afya ambao jioni wanakula zege. Kila soda tuliyoshindwa kuitoza kwa gramu itarudi dirishani ikiwa na jina la mgonjwa na namba ya kadi. Bajeti husomwa Juni. Nikishapata kitabu chake nitakwenda moja kwa moja kwenye jedwali la ushuru wa bidhaa, mstari wa vinywaji baridi, nione kama bado wanahesabu lita tu.